Riwaya na Tawasifu za Utambulisho, Urafiki na Kutafuta Pa Kuitwa Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa na wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uganda: walimu wa sekondari, wanafunzi wa vyuo vikuu, wafanyabiashara wa Kampala, na ndugu zetu kutoka Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Anayejibu ni mwalimu wa Kiswahili aliyekaa na vitabu hivi kwa muda mrefu na anayetamani visomwe na watu wengi zaidi.

Ni vitabu gani hasa vinavyozungumziwa?

Ni vitabu ambavyo kiini chake ni mtu anayetaka kujua yeye ni wa nani, wa wapi, na ni nani atakayemfungulia mlango akibisha hodi. Mhusika anaweza kuwa mtoto aliyelelewa na watu wasio wazazi wake, kijana aliyesoma mbali akarudi kijijini asijue tena namna ya kuzungumza na baba yake, mwanamke aliyeolewa ugenini, mkimbizi, au raia aliyeambiwa ghafla kwamba nchi aliyozaliwa si yake. Riwaya na tawasifu huwekwa pamoja kwa sababu katika jambo hili zinasaidiana. Tawasifu inashuhudia yaliyompata mtu mmoja kwa macho yake mwenyewe, ilhali riwaya ina ruhusa ya kuingia pia katika moyo wa yule aliyeufunga mlango. Kwa maoni yangu, msomaji anayechagua aina moja na kuiacha nyingine amesikiliza upande mmoja tu wa shauri.

Nikitaka kusoma kwa Kiswahili tu, nianzie wapi?

Anza na *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin ni msichana wa Unguja mwenye asili ya Kihindi, anaozwa akiwa na miaka kumi na mitano tu kwa mwenye duka mzee anayeitwa Raza. Anapomkimbia mumewe, jamaa zake wenyewe wanamkataa kwa sababu amewatia aibu, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, upande wa watu wa kawaida katika mji wa Unguja, ambaye hana udugu naye wa damu wala wa mali. Msomaji na aziangalie polepole kurasa hizo za mapokezi. Mwajuma hamhoji mgeni wake kama hakimu wala hamtangazii wema wake; anamgawia nafasi ndani ya chumba kidogo, wanakula kilichopo, na usiku wanatoka pamoja kwenda kwenye ngoma na taarabu. Yasmin anajifunza mtaa mpya kwa kuufuata mwendo wa rafiki yake, na polepole watu wa Ng'ambo wanaacha kumtazama kama binti wa Kihindi aliyepotea njia. Siijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayoonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba mtu anaweza kupata kwao kupya kupitia mkono wa rafiki mmoja.

Baada ya hapo, isome *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambamo Kongowea Mswahili, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni kitabu chepesi kwa lugha na kizito kwa swali lake, na ndiyo maana wanafunzi wanakipenda. Ukishapata nguvu, nenda kwa Euphrase Kezilahabi. Katika *Kichwamaji*, ya mwaka 1974, Kazimoto anasoma chuo kikuu, lakini kila anaporudi nyumbani anakuta elimu imemtenga na watu wake bila kumpa wengine mahali pao. Ni kitabu kichungu, na nitalirudia hilo chini.

Usiiache *Peponi* pia, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf ni mtoto aliyetolewa rehani kwa sababu ya deni la baba yake kwa tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami. Dukani anamkuta Khalil, kijana aliyewekwa hapo kabla yake kwa namna hiyohiyo, na Khalil ndiye anayemkumbusha tena na tena kwamba yule tajiri si ami yake. Maneno hayo ni makali kwa mtoto, lakini yanatoka kwa mtu pekee anayemjali kiasi cha kumwambia ukweli.

Mbona Uganda haionekani katika orodha hiyo?

Inaonekana kwa mbali. Adam Shafi huyohuyo aliandika *Mbali na Nyumbani*, kitabu cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 2013, kuhusu safari yake ya ujana kutoka Zanzibar akitamani kufika Ulaya, safari iliyompitisha Uganda na Sudan. Kwa msomaji wa Kampala, kuiona nchi yake kwa macho ya kijana mgeni asiye na fedha wala hati za kutosha ni jambo la kufungua macho.

Uchache wa riwaya za Kiswahili zilizoandikwa na Waganda una historia yake. Kwa miaka mingi shule nyingi za hapa hazikufundisha lugha hii, na familia nyingi za kusini ziliisikia kwanza kutoka midomoni mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo ikabeba hofu ambayo haikuwa kosa lake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wapo Waganda waliokitetea Kiswahili muda mrefu kabla ya maamuzi hayo, akiwemo Profesa Austin Bukenya, mzaliwa wa Masaka. Ninaamini kwamba watoto wanaokisoma sasa wataandika riwaya tunazozingoja, na ninasema hivyo kwa sababu ninazisoma insha zao.

Ni waandishi gani wa Uganda waliolishughulikia jambo hili vizuri zaidi, hata kama ni kwa Kiingereza?

Jennifer Nansubuga Makumbi kwanza. Riwaya yake *Kintu* ilishinda shindano la miswada la Kwani?, shirika la wachapishaji la Nairobi, mwaka 2013, ikachapishwa Nairobi mwaka 2014, na baadaye ndipo ikatoka Marekani na Uingereza. Sehemu kubwa ya wasomaji huisifu kwa upana wake, kwa kuwa inaanza Bwaise mwaka 2004, inarudi Buddu mwaka 1750, kisha inashuka na wajukuu hadi zama zetu. Mimi naisifu kwa sababu ya mtoto mmoja anayeitwa Kalema.

Kalema ni mtoto wa Ntwire, mgeni maskini kutoka Rwanda, na Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, anamchukua na kumlea pamoja na watoto wake. Katika nyumba hiyo mtoto wa kulea hatakiwi kujulikana kuwa wa kulea, na desturi hiyo ina uzuri wake, kwa sababu inamfanya mtoto aitwe ndugu bila masharti. Kisha, wakiwa safarini kwenda kwa Kabaka, Kintu anampiga Kalema kofi moja la hasira dogo, la aina ambayo wazazi wengi wa wakati huo wangelisahau kabla ya jioni, na mtoto anakufa. Hapo ndipo undugu ule unapopimwa. Kalema anazikwa haraka njiani, habari zinafichwa, na baba mzazi aliyemtoa mwanawe kwa imani anaachwa bila jibu. Ntwire analaani ukoo wote, na karne mbili na nusu za mateso zinafuata. Makumbi hasemi kwamba kulea mtoto wa mgeni ni vibaya; anatuuliza kama tungemfanyia hivyo mtoto tuliyemzaa, na ninaona swali hilo linamhusu kila mtu anayeishi na mtoto wa ndugu, wa marehemu au wa mfanyakazi wake.

Riwaya yake nyingine, *The First Woman*, ya mwaka 2020, ndiyo ninayowapa wasichana wa sekondari. Kirabo analelewa na babu na bibi yake kijijini katika miaka ya 1970, anapendwa na kila mtu, na bado anakosa usingizi kwa sababu hajui mama yake ni nani. Anakwenda kwa siri kwa Nsuuta, kikongwe kipofu anayeitwa mchawi na kijiji kizima, na kupitia kwake anagundua kwamba Nsuuta na bibi yake, Alikisa, waliwahi kuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Wapo wengine. *Upon This Mountain* ya Timothy Wangusa, ya mwaka 1989, inamfuata Mwambu kwenye miteremko ya mlima Elgon, akiwa katikati ya Ukristo wa shuleni na tohara ya imbalu inayomfanya mtu kuwa mwanamume mbele ya jamii yake. Doreen Baingana, katika *Tropical Fish* ya mwaka 2005, anasimulia hadithi za mabinti watatu wa Entebbe, na mmoja wao, Christine, anakwenda Los Angeles, anaishi huko kama mtu asiyeonekana, kisha anarudi na kukuta nyumbani nako kumekuwa kugeni. Moses Isegawa aliandika *Abyssinian Chronicles* akiwa Uholanzi, na kitabu kikatoka kwanza kwa Kiholanzi mwaka 1998. Hicho ni kinene na kina ukali mwingi, kwa hiyo kisiwe cha kwanza.

Kwa nini urafiki unatajwa sana? Je, utambulisho si jambo la ukoo na kabila?

Hapa Uganda mtu akijitambulisha hutaja baba, babu, ukoo na mwiko wake, na mimi siyadharau hayo, kwani yamewafanya watu wengi wapate mahali pa kuzikwa na pa kulilia. Lakini tazama jinsi waandishi wanavyoonyesha kwamba ukoo huweza kumshindwa mtu wakati hasa anapouhitaji. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na riwaya hizi zinalichukua neno hilo hadi mwisho wake.

Mfano ninaoupenda ni *Waiting* ya Goretti Kyomuhendo, ya mwaka 2007. Ni mwaka 1979, askari wa Amin wanakimbia kuelekea kaskazini wakipora, na familia za kijiji kimoja cha Hoima zinalala vichakani usiku. Msimulizi, Alinda, ana miaka kumi na mitatu, na mama yake anafariki katika uzazi. Wanaolizunguka boma lao katika siku hizo ni watu wa kuokotwa: mwanamke kutoka Kongo ambaye wanakijiji hawamwiti kwa jina lake bali kwa kabila lake la Kilendu, na Jungu, msichana wa nusu Mhindi nusu Mwafrika ambaye hana upande wowote unaomdai. Mwanamke yule wa Kilendu anawafaa kwa dawa na kwa mikono yake. Jungu anakuwa rafiki wa Alinda. Baadaye anaingia Bahati, askari wa Tanzania aliyekuja na jeshi la ukombozi, na tunaona kijiji kikijifunza kumkubali mtu mwenye sare. Kyomuhendo hatoi hotuba. Anaonyesha tu nani aliyechota maji na nani aliyekaa na mgonjwa, na msomaji mwenyewe anahesabu nani ni wa nyumba hiyo.

Urafiki katika vitabu hivi pia huvunjika, na kuvunjika kwake hufundisha. Nsuuta na Alikisa waligawanywa na mwanamume mmoja pamoja na matarajio ya kijiji juu ya mwanamke kamili, wakapoteza miaka ambayo hakuna aliyeweza kuwarudishia.

Je, kuna vitabu vizuri kuhusu kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972?

Vipo, na vimeongezeka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Mwaka huohuo ilitoka riwaya ya Peter Nazareth, *In a Brown Mantle*, iliyoandikwa kabla ya tangazo hilo na Mganda mwenye asili ya Goa, na ambayo tayari ilikuwa imeona nyufa. Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala, alichapisha *From Citizen to Refugee* mwaka 1973, akisimulia siku za mwisho mjini na maisha ya kambi ya wakimbizi London. Ni kitabu kifupi kilichoandikwa jeraha likiwa bado bichi. Yasmin Alibhai-Brown, mzaliwa wa Kampala, alisimulia maisha yake kupitia mapishi ya jamii yake katika *The Settler's Cookbook*. Katika miaka ya karibuni, Hafsa Zayyan aliandika *We Are All Birds of Uganda*, ya mwaka 2021, ambamo kijana mwanasheria wa London anakuja Kampala na kukutana na historia ya familia aliyokuwa hajaelezwa.

Ninavipendekeza vyote kwa ombi moja. Ukivisoma, mtafute mtumishi wa nyumbani, mpishi, mtunza bustani na mlinzi wa duka. Uliza kama wamepewa majina, kama wanazungumza zaidi ya kuitikia, na kama mwandishi anajua walikwenda wapi baada ya tajiri wao kupanda ndege. Dhuluma ya mwaka 1972 ilikuwa dhuluma kubwa, na kuitambua hakutuzuii kuuliza nani alikuwa nje ya mlango hata kabla ya mwaka huo.

Sheria inasema nini kuhusu nani ni mwenyeji?

Kwa ufupi, Katiba ya mwaka 1995 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu au bibi yake ni wa jamii asilia zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu; zilikuwa 56, zikaongezwa kufikia 65 mwaka 2005. Wanubi na Wanyarwanda wamo. Waganda wenye asili ya Kihindi hawamo kama jamii, ingawa mtu mmojammoja anaweza kupata uraia kwa njia nyingine. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini wahusika wengi wa riwaya hizi huhangaika na karatasi.

Tawasifu ni kweli tupu?

Ni kweli ya mtu mmoja, iliyopangwa baada ya mambo kupita. Shaaban Robert, katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, alichagua kuonyesha maisha yake kama mfano wa uadilifu, na ndani yake akaweka tenzi za kuwaasa watoto wake. Hatuwezi kumdai kila alichonyamazia. Binyavanga Wainaina, Mkenya ambaye mama yake alikuwa wa Uganda, aliandika *One Day I Will Write About This Place*, ya mwaka 2011, kwa vipande vinavyorukaruka kama fikra za mtoto, na ukweli wake uko katika mrukoruko huo.

Zipo tawasifu ambazo swali hilo linahitaji kuulizwa kwa upole mkubwa. Evelyn Amony alitekwa na waasi wa Joseph Kony mwaka 1994 akiwa mtoto, akaishi nao zaidi ya miaka kumi, na simulizi yake, *I Am Evelyn Amony*, ilichapishwa mwaka 2015. Wengi hufikiri mateso yake yaliishia porini. Sehemu iliyonisumbua zaidi ni ile ya kurudi, pale mama anapofika na watoto wake katika jamii ambayo humpa mtoto ardhi na jina kupitia kwa baba, na jina la baba huyo haliwezi kutamkwa. Ukikisoma, acha kutafuta makosa ya tarehe na usikilize.

Vinafaa kwa wanafunzi?

Si vyote, wala si kwa umri wowote. *Siku Njema* inafaa sekondari ya chini. *Vuta n'kuvute* na *The First Woman* zinafaa madarasa ya juu. *Kichwamaji* inaishia kwa Kazimoto kujiua, kwa hiyo mwalimu asiwape wanafunzi waisome peke yao wakati wa likizo. Isomwe darasani, kwa mazungumzo, na mwalimu ajue ni mwanafunzi gani ana mzigo nyumbani. Simulizi za vita vya kaskazini zinahitaji uangalifu uleule, hasa katika shule ambazo wamo watoto wa Acholi na Lango, au wakimbizi waliokimbia mambo yanayofanana na hayo.

Vinapatikana wapi?

Vya Kiingereza vingi hupatikana katika duka la Aristoc mjini Kampala. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa rasmi mwaka 1996, kina makao Kamwokya na kimechapisha kazi nyingi za wanawake wa Uganda. Vya Kiswahili ni vigumu zaidi, na wengi wetu huviagiza Nairobi au Dar es Salaam vikaletwa kama kifurushi na mabasi ya usiku. Mkiagiza mkiwa kikundi, nauli inakuwa nafuu.

Tunawezaje kuvisoma kikundi chenye watu wa makabila na nchi tofauti?

Msianze na swali la nani alikosea. Anzeni na tukio moja dogo, lisomwe kwa sauti, kisha kila mtu aseme nyumbani kwao mgeni wa namna hiyo angepokelewaje. Wapo watakaotaja methali ya mgeni siku mbili, na ya tatu mpe jembe. Waulizeni kama kupewa jembe ni kukubaliwa au ni kutumikishwa, kwa maana nimeona swali hilo likiamsha hata wanaonyamaza. Asilazimishwe mtu kusimulia yake. Mkimbizi anayekuja kusikiliza hadithi asigeuzwe kuwa ushahidi wa somo, hata kwa nia njema.

Ninataka kuandika yangu, lakini Kiswahili changu si cha Pwani. Je, niendelee?

Endelea. Kiswahili cha Bunia, cha Bombo na cha kambi ya Nakivale kina haki ya kusikika katika maneno ya wahusika wako, na msimulizi akitumia Kiswahili sanifu kinachosomeka hakuna atakayepotea njiani. Andika kwanza tukio ambalo mtu alikutaja kwa jina usilolitaka, au siku ambayo mtu usiyemtarajia alikupa nafasi kwenye mkeka wake. Eleza chumba, chakula na maneno yaliyosemwa, na uache maoni yako nje mpaka rasimu ya pili. Badilisha majina ya walio hai kama habari zao zinaweza kuwadhuru, na umsomee mama au ndugu anayehusika kabla ya mchapishaji hajaona. Akikataa kipande fulani, zungumzeni. Wakati mwingine anachokumbuka yeye ni kizuri kuliko ulichoandika wewe, na mara nyingi kinaingia kitabuni kwa ridhaa yake.